Ndimu huku, chupa kule

Mumeuliza: ukialika watu brunch, unafanyaka nini usibaki unahudumia mpaka saa kumi? Mimi jibu yangu ni meza moja ya vitu vya kupamba glasi za vinywaji, kila mutu anajipambia yake. Lakini chupa za pombe zisikae pale.

Niko Lubumbashi, na brunch kwetu njo ile chakula ya siku ya Mungu (Jumapili) baada ya ibada, watu wanafika saa tano na njaa ya kweli. Mara ya kwanza niliweka vyote pamoja, gin, juisi, ndimu, barafu, nikaona nimefanya kazi muzuri sana. Mama bukwe akafika, akaona zile chupa, akaenda kukaa inje na wenzake wa kanisa, wakabaki na mayi tu muchana wote, na mimi ninapita na sahani ya mikate kama mutu aliyeiba.

Sasa pombe iko mu jikoni, juu ya frigo, mwenye anaitaka anajua njia. Kwa meza kunabaki jagi kubwa ya tangawizi baridi na vitu vya watu bote: ndimu, nanasi, tango, mint, sukari, chumvi. Ndimu ninakata asubuhi ile ile, viringo vya unene wa penseli, kisha ninapasua kila kimoja mpaka katikati ili kikae kwa mudomo wa glasi, sababu ukikata usiku inakauka na kuwa chungu. Mint siichambue, ninaisimamisha na miti yake mu glasi ya mayi kama maua, majani ukishayatoa yanageuka meusi haraka. Matunda ninaweka kidogo kidogo juu ya barafu, ingine inangoja mu frigo, mwezi wa kumi na hii joto saa mbili inje ni nyingi.

Halafu mupango wa meza: ndimu itangulie visahani vya chumvi na sukari, sababu mudomo wa glasi lazima uloane ndiyo chumvi ishike. Mimi nilipanga kinyume, watu wakawa wanarudi nyuma na kugongana. Na wazungushe nusu tu ya glasi, ukichoka na chumvi unageuza upande. Pilipili iwe na kijiko yake, tafazali, shemeji yangu alikula nanasi ya pilipili bila kujua na mpaka leo anasimulia.

Ile cherry nyekundu ya chupa nilinunua bei ya kulia, hakuna mutu aliigusa. Wakati wa mvua ninaweka masuku, yale matunda ya pori, pembeni, haikai kwa glasi lakini watu wanaikula wakingoja zamu.

Siku ya Mungu iliyopita mama bukwe aliingia, hata kunisalimia bado: "Baba, iko wapi ile majani ya kupigia makofi?" Nilimuonyesha mara moja tu kwamba mint unaipiga kati ya viganja ili harufu itoke, sasa anafundisha kanisa yote.