Kama seli inarekebisha DNA kila siku, mutesheni zinatoka wapi?

Mkuu, umeuliza: ikiwa seli ina vimeng'enya vya kurekebisha DNA, mutesheni (mabadiliko ya kudumu katika DNA) zinatoka wapi, na kwa nini seli isirudi baadaye kuzifuta? Waliokujibu hapo juu wamesema mfumo unazidiwa. Ni kweli, lakini jibu haliishii hapo. Jeraha la DNA ni kitu kimoja na mutesheni ni kitu kingine. Mimi nilikuja kulielewa hilo maabara, nikiwa mwanafunzi.

Tulitandaza bakteria wa E. coli kwenye sahani za lishe, tukawapiga mionzi ya urujuanimno kwa sekunde chache, kisha kila sahani ikafungwa foili na kuingizwa kwenye kabati la joto. Sahani yangu moja niliisahau wazi dirishani kama saa nzima. Kesho yake sahani zilizokaa gizani zilikuwa na koloni (vishada vya bakteria) za kuhesabu kwa vidole. Ile ya dirishani ilijaa pomoni. Nilidhani nimekosea kipimo cha mionzi, nikarudia jaribio mara tatu, sasa nikiacha nusu ya sahani kwenye mwanga kwa makusudi. Matokeo yakawa yale yale.

DNA ni nyuzi mbili zenye herufi nne, A, T, C na G: A hutazamana na T, na C hutazamana na G. Mionzi hiyo huunganisha thaimini (herufi T) mbili zilizopakana kwenye uzi mmoja wa DNA. Uzi unapinda pale, na kimeng'enya cha kunakili kikifika kinakwama. Bakteria hawa wana kimeng'enya kiitwacho fotolaizi, kinachotumia nguvu ya mwanga wa buluu kuzitenganisha thaimini hizo zikarudi kama zilivyokuwa. Albert Kelner alilikuta jambo hili mwaka 1949. Binadamu hatuna fotolaizi. Seli zetu hukata kipande chenye jeraha, herufi kama 30 hivi, halafu hujaza pengo kwa kuusoma uzi wa pili. Mtoto anayezaliwa na hitilafu katika njia hiyo (ugonjwa wa xeroderma pigmentosum) anaweza kupata saratani ya ngozi akiwa bado mdogo kabisa.

Kilichonifungua macho kilikuja baadaye. Nilichukua waliosalimika wa gizani na wa kwenye mwanga, nikawakuza, nikawatandaza kwa idadi sawa kwenye sahani zenye rifampisini, dawa ya kuua bakteria; anayeota hapo ni yule aliyepata mutesheni ya kumfanya sugu. Wa gizani walitoa koloni sugu nyingi zaidi. Lakini mionzi ilikuwa ile ile na majeraha yale yale! Tofauti ni kwamba kwenye mwanga majeraha yaliondolewa kabla DNA haijanakiliwa. Gizani, seli yenye majeraha mengi iliyakata iliyoweza, na yaliyobaki ikaita vimeng'enya vya dharura vinavyoruka jeraha kwa kuweka herufi yoyote, hata isiyofaa. Seli inapona, ila herufi isiyo yake imeshaingia. Ikinakiliwa tena, herufi hiyo inapewa mwenzi wake halali, na nyuzi zote mbili zinakubaliana. Hapo ndipo mutesheni inapozaliwa.

Ndiyo maana seli hairudi kuifuta. Vimeng'enya vya ukarabati havielewi ujumbe wa jeni, vinapapasa umbo tu: palipopinda, palipokatika, herufi zisizolingana. Mutesheni haina hata kimoja kati ya hivyo. Kwa umbo, ni DNA nzima kabisa.

Na usidhani lazima kuwe na mionzi. Maji yaliyomo ndani ya seli yanatosha kuharibu. Katika seli moja ya binadamu, herufi A na G zipatazo 10,000 hudondoka kila siku. Herufi C nayo hubadilika yenyewe kuwa yurasili. Hiyo ni rahisi kuikamata kwa sababu yurasili si herufi ya DNA. Tomas Lindahl aliripoti kimeng'enya kinachoing'oa mwaka 1974, na mwaka 2015 akapata Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Paul Modrich na Aziz Sancar. Shida iko kwa C iliyobeba alama ya methili (kikundi kidogo cha kemia ambacho seli huibandika). Ikiharibika inakuwa T, herufi halali. Sasa G inatazamana na T, nani ni mgeni? Mara nyingine seli inachelewa kuamua, DNA inanakiliwa, basi. Sehemu hizo, C inayofuatwa na G, ni miongoni mwa zinazobadilika mara nyingi zaidi katika DNA yetu.

Kunakili kwenyewe pia kuna makosa. Kimeng'enya hukosea takriban mara 1 katika herufi 100,000. Kinajihakiki chenyewe, kisha wakaguzi wa herufi zisizolingana wanapita nyuma yake, na kosa linabaki 1 katika bilioni au pungufu. Bado, kila mtoto huzaliwa na mutesheni mpya kama 60 hadi 70 ambazo wazazi wake hawakuzaliwa nazo, nyingi kutoka kwa baba.

Hali mbaya kuliko zote ni nyuzi zote mbili kukatika mahali pamoja, maana hapo hakuna uzi wa pili wa kusoma. Kama seli ilikwishanakili DNA yake, huazima maelezo kwenye nakala pacha, na hapo ndipo jeni za BRCA1 na BRCA2 zinafanya kazi. Kama bado, huunganisha ncha kama zilivyo, na herufi kadhaa zikipotea pale kwenye kiungo, zimepotea moja kwa moja.