Siku ambayo mshiriki hakujibu si sifuri

SWALI: Nasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii, Mwanza. Nilifuatilia unywaji pombe wa madereva bodaboda 60 kwa siku 28. Kila siku saa tatu usiku walipokea ujumbe mfupi: "Leo umekunywa chupa ngapi?" Kati ya majibu 1,680 niliyotarajia, 504 hayakuja, na 330 kati ya hayo ni ya Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Msimamizi wangu anasema niweke sifuri. Kijana anayefanyia watu uchambuzi wa data kwenye steshenari jirani na chuo anasema ataziba kwa wastani, maana aliendesha kipimo cha Little akiingiza idadi ya chupa, umri na elimu, p (uwezekano wa kupata matokeo kama hayo kwa bahati tu) ikatoka 0.21, kwa hiyo mapengo ni ya bahati tu. Nimfuate nani?

JIBU: Usimfuate yeyote. Jedwali lako mwenyewe limeshajibu. Kuanzia Ijumaa hadi Jumapili ulikuwa na nafasi 720 za kujibiwa, umekosa 330, karibu nusu. Siku nne zilizobaki za wiki zina nafasi 960, umekosa 174, hazifiki moja kati ya tano. Hapo bahati iko wapi? Dereva aliyekaa baa tangu saa kumi na mbili jioni hana habari na ujumbe wako, na asubuhi yake anawaza supu na kuzimua.

Hicho kipimo cha Little kimenichosha, maana tasnifu zinazojikinga nacho haziishi mezani kwangu. Mwanatakwimu Roderick Little alikitoa mwaka 1988 ili kupima kama mapengo yanahusiana na mambo uliyoyaona na kuyaingiza. Huyo kijana siku ya wiki hakuiingiza kabisa, kisha anashangilia kwamba kipimo hakikuona kitu. Na hata angeiingiza, idadi ya chupa ambazo hukuandikiwa haimo kwenye faili lako, kwa hiyo hakuna kipimo kinachoweza kuisoma humo. P kubwa haikupi ruhusa ya kusema mapengo ni salama.

Tuchukulie dereva mmoja wa mfano. Amejibu siku zote 20 za Jumatatu hadi Ijumaa, chupa moja kila siku, akanyamaza Jumamosi na Jumapili zote nane. Ukiweka sifuri, jumla yake ni chupa 20. Ukiweka wastani, 28. Kama kweli alikunywa tano kila siku ya mapumziko, alikunywa 60. Sifuri imemgeuza mnywaji mstaarabu. Wastani umefanya hivyohivyo, tena ukaongeza madhara mengine: umepunguza mtawanyiko, yaani jinsi majibu yanavyotofautiana. Kosa sanifu, kipimo cha shaka iliyomo kwenye makisio yako, linasinyaa, p inashuka, na wewe unadhani umegundua jambo, kumbe majibu 504 ya kubuni yamehesabiwa kuwa ushahidi sawasawa na yale 1,176 ya kweli. Programu haitalalamika. Yenyewe inataka seli zijae tu.

Tangu mwaka 1976 mwanatakwimu Donald Rubin ametutenganishia aina tatu za kimya. Kuna siku mtandao ulikatika kata nzima, mnywaji na asiyekunywa wote wakashindwa kujibu; hiyo inakupunguzia data bila kuipindisha. Kuna kimya kinachofuata jambo unalolijua, kama siku ya wiki, umri, au siku ya kupeleka hesabu kwa tajiri. Hicho kinarekebishika ukiliingiza jambo hilo kwenye modeli. Na kuna kimya kinachotokana na pombe yenyewe: hakujibu kwa sababu alikunywa. Cha kwako kina hiki cha tatu ndani yake, na sioni utakavyonishawishi vinginevyo.

Kwa hiyo tumia modeli mseto (mixed model), inayojua majibu yapi ni ya mtu mmoja na inayochukua kila siku iliyojibiwa bila kumtupa mshiriki mwenye mapengo, na siku ya wiki iwemo. Ukitaka kujaziliza, yaani kuziba mapengo kwa makisio, fanya ujazilizaji wa mara nyingi, aliouandikia kitabu Rubin huyohuyo mwaka 1987. Unatengeneza nakala kadhaa za data zenye makisio tofauti, unachambua kila moja, kisha unaunganisha matokeo ili wasiwasi wako uonekane kwenye kosa sanifu. Kifurushi cha mice kwenye programu ya takwimu ya R kinafanya hivyo, ila lazima ukiambie kwamba mistari 1,680 ni ya watu 60. Wengi hawasemi, nacho kinawahesabu kama watu 1,680. Halafu rudia uchambuzi ukidhani siku za kimya zilikuwa na pombe sawa na makisio, kisha nusu zaidi, kisha mara mbili. Hitimisho lako likibadilika njiani, liandike hivyo kwenye tasnifu.

Madereva kama bado wanapatikana, wapigie wiki hii. Ipo mbinu ya kalenda ya watafiti wa pombe Linda na Mark Sobell: mnarudi nyuma siku kwa siku, mkishikilia matukio anayoyakumbuka, mechi, msiba, siku pikipiki ilipoharibika. Majibu hayo yape alama yake. Kumbukumbu ya wiki tatu usiichanganye na jibu la siku ileile.

Hata hivyo siku ulizojibiwa nazo zina kasoro. Saa tatu usiku mtu anaandika "2" akiwa bado kwenye kiti, na chupa nne nyingine zinakuja baadaye. Ungeuliza asubuhi kuhusu jana huenda ungepata majibu mengi zaidi na yaliyo kamili zaidi.

Wapo pia wanaokimbilia upande wa pili: asiyejibu ahesabiwe amekunywa. Desturi hiyo imetoka kwenye majaribio ya kuacha sigara, ambako mwongozo uitwao Russell Standard wa mwaka 2005 unamhesabu mvutaji kila aliyepotea. Inaonekana ya tahadhari. Lakini kundi moja likiwa na kimya kingi kuliko lingine, tofauti mnayoiona kati ya makundi inaweza kuwa ya simu zilizozimwa. Donald Hedeker na wenzake waliandika mwaka 2007, kwenye jarida la Addiction, kwamba kudhani hivyo ni kudhani kukosa jibu na kuvuta ni kitu kimoja kwa asilimia mia, na wakaonyesha namna ya kulegeza dhana hiyo. Watathmini wa miradi ya pombe na bangi huku kwetu bado wanainakili bila kuuliza.

Wanaonitia hofu zaidi, hata hivyo, ni wanaoniletea shajara za karatasi zisizo na pengo hata moja. Arthur Stone na wenzake walichapisha kwenye BMJ mwaka 2002 utafiti wa wagonjwa wa maumivu sugu, ambao majalada ya shajara zao yalifichiwa ndani kihisi cha mwanga kilichorekodi yanapofunguliwa. Kwa maandishi yao, walijaza asilimia 90 kwa wakati. Kihisi kilisema 11. Ukipokea daftari la siku 28 lenye wino mmoja, mwandiko uleule na "chupa 2" ukurasa hadi ukurasa, muulize mwenyewe alilijaza lini, na umwambie mapema kwamba posho yake haitapungua kwa kusema ukweli.