Uliza Fundi: Taa za rivasi zinazozima ukirudi nyuma

Shikamoo fundi. Nina Corolla KE70 ya mwaka 1982, urithi wa marehemu baba. Injini ni ile ile 4K, ila mwezi uliopita nilitoa giaboksi ya gia nne nikafunga ya gia tano, K50, niliyoipata kwa wauza spea za mtumba. Gari inakwenda vizuri, na nikiishika barabara ya Dodoma injini hailii tena kama zamani. Kinachonisumbua ni taa za rivasi. Nikifungua ufunguo tu zinawaka. Gia ya kwanza zinawaka, ya tano zinawaka, lakini nikiingiza rivasi zinazima! Giaboksi ilikuja bila swichi, tundu limezibwa kwa bolti, fundi akatafuta swichi iliyoingia pale. Ameshageuza waya mara mbili na sasa anasema kuna shoti. Nifanyeje?
– K.M., Morogoro

Marahaba, mwanangu. Kwanza mwombe fundi wako aweke koleo chini. Shoti haijui umeingiza gia gani. Taa zako zinazima pale pale rivasi inapoingia, maana yake waya ni wazima na swichi inafanya kazi. Ila inaifanya kinyume. Na kugeuza waya hakusaidii kitu, kwa kuwa swichi ya waya mbili haina chanya wala hasi. Umeme utapita vile vile.

Neno lililonikamata katika barua yako ni "iliyoingia". Hapo ndipo wengi wanapoangukia. Mtu anakwenda dukani na bolti mkononi, analinganisha meno, ikikubali analipa. Meno yanakwambia swichi itakaa kwenye tundu. Hayakwambii itasema nini ikishakaa.

Chomoa hiyo swichi uitazame kichwani. Utaona gololi ndogo au kidole cha chuma kinachobonyea. Ndani ya giaboksi kuna fimbo za kuhamishia gia. Katika giaboksi nyingi, rivasi ikiingia fimbo inaisukuma gololi, swichi inaunga umeme, taa zinawaka. Lakini zipo giaboksi zilizoundwa kinyume chake: gololi inabaki imebanwa muda wote, na rivasi ikiingia inaachiwa. Swichi ya namna hiyo huunga ikiachiwa na kukata ikibanwa. Ukiipachika kwenye giaboksi inayosukuma, utapata hilo hilo unalolisimulia.

Uthibitisho hauzidi dakika moja. Weka mita ya umeme kwenye omu (kipimo cha ukinzani), gusa pini mbili za swichi ikiwa mkononi. Bila kubonyeza, mita isionyeshe muunganiko wowote. Bonyeza gololi kwa kidole gumba, isome karibu na sifuri. Hiyo ndiyo unayoitaka wewe. Naamini ya kwako itajibu kinyume. Kama huna mita, betri, balbu na vipande viwili vya waya vinatosha. Mimi nilijifunzia hivyo, na mita niliishika mara ya kwanza nikiwa tayari na mke na mtoto.

Sasa nenda dukani na mita yako, sio na bolti peke yake. Ukipata swichi yenye tabia sahihi, angalia mambo mawili. La kwanza ni hayo meno. Swichi ya milimita 12 yenye hatua (umbali wa jino hadi jino) ya 1.25 na ya 12 yenye hatua ya 1.5 ukiziweka pamoja kiganjani huzitofautishi. Ianze kwa vidole angalau mizunguko mitatu. Ikigoma, usichukue spana. Giaboksi ile ni aluminiamu, meno yake yakishaliwa utakuwa na mradi mwingine kabisa, na oili chini ya gari kila asubuhi.

La pili ni washa, ile pete bapa inayovikwa kwenye swichi, na hapa watu hunicheka. Ile washa ya shaba inazuia oili, sawa, lakini pia ndiyo inayopanga kina. Isipokuwepo, swichi inazama zaidi, gololi inagusa fimbo hata gia ikiwa huru, na taa haziishi kuwaka. Ukiweka mbili, huenda fimbo isiifikie gololi kabisa. Kuna mzee mmoja hapa Tanga alizunguka na taa zisizowaka karibu mwaka, akabadilisha swichi tatu. Nilimtolea washa moja, nikamlipisha soda.

Utaambiwa pia kuna njia ya rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme. Ni kweli. Chukua rilei ya pini tano, swichi yako iendeshe koili, yaani 85 na 86, kisha umeme wa taa, ule wa baada ya ufunguo, uingie pini ya 30 na utokee 87a, inayounga rilei ikiwa haijavuta, badala ya 87, inayounga ikivuta. Mambo yanageuka, taa zinawaka kwenye rivasi pekee. Nimewahi kumfungia mtu aliyekuwa safarini. Lakini rilei hiyo itakuwa imevuta muda wote unapoendesha, na siku waya wa swichi ukikatika taa zitawaka moja kwa moja. Kwa KE70 ya baba yako, tafuta swichi.

Fundi, nimebadilisha gari langu kutoka gia otomatiki kwenda gia za mkono. Sasa stata haiitikii kabisa. Betri ni mpya.
– Mama S., Moshi

Mama S., giaboksi ya otomatiki uliyoitoa imeondoka na swichi iliyokuwa inaruhusu stata kwenye P (kuegesha) na N (huru) tu. Soketi yake bado inaning'inia chini. Ndani yake kuna waya mbili nene kuliko wenzake: hizo ndizo njia ya stata. Kwenye swichi ya zamani mita itakuonyesha pini zake zinaungana ukiiweka P au N, na jozi ya rivasi inaungana kwenye R. Jozi hiyo ya R ipeleke kwenye swichi ya giaboksi mpya.

Zile mbili nene mafundi wengi huziunganisha tu na kukuaga. Usikubali. Gari langu mwenyewe liliwahi kuruka gereji likiwa kwenye gia ya kwanza, likavunja meza ya kazi. Mwanangu alikuwa ametoka kuinuka pale. Fungia swichi kwenye pedeli ya klachi, inayounga pale tu pedeli ikikanyagwa hadi chini, kisha upitishe waya hizo hapo.