Jibu: Mafumbo ya mantiki kwa watoto wa miaka 7 na 11

Ndugu, umeuliza mafumbo yapi yatawafaa wanao, ukasema mdogo analia akipewa sudoku (fumbo la kujaza namba kwenye vyumba bila kurudia), na mkubwa anakisia tu. Ya kawaida ina vyumba 81. Kwa anayeanza, huo ni mzigo.

Chora ya 4 kwa 4. Kila mstari wa kulala, wa kusimama, na kila boksi la 2 kwa 2 liwe na namba 1 hadi 4 bila kurudia. Jaza vyumba vyote kwanza, kisha futa namba moja moja mpaka zibaki 7 au 8. Kila ukifuta, hakikisha bado kuna jibu moja tu. Zikibaki chini ya 4, majibu yatakuwa mengi bila shaka, na mtoto hana njia ila kukisia. Sheria ya meza: huandiki namba kabla ya kusema kwa nini.

Mkubwa mpe vyombo viwili visivyo na alama, cha lita 5 na cha lita 3, apime lita 4 kamili. Hatua 6 zinatosha akianza kwa kujaza cha 5. Tumia maji kweli (nje, tafadhali).

Lile fumbo la kuvusha mto chui, mbuzi na majani, kimoja kimoja, bila chui kumla mbuzi wala mbuzi kula majani, linawafaa wote wawili. Ni safari 7, na wengi hukwama kwa kudhani aliyevushwa harudishwi. Usiwatobolee, uliza tu, "Nani anaweza kurudi?"

Dakika 15 zinatosha. Mdogo akiendelea kugeuza au kuchanganya namba hata kwenye kazi za shule, zungumza na mwalimu wake.