Fundi ameshindwa "kuzalisha" hitilafu: ni Kiswahili?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina duka la steshenari hapa Lindi, nachapa barua na mihtasari ya vikao vya chama cha msingi cha korosho. Nikiandika jina la mahali, Ng’apa, kwenye laptopu mpya, kisha nikalifungua faili lile lile kwenye kompyuta ya zamani ya dukani, linasomeka Ngâ€™apa. Nikampelekea fundi wangu, yuko Mtwara na anatumia mfumo wa Linux badala ya Windows. Kanijibu: "Nimeshindwa kuzalisha hitilafu hiyo kwenye mfumo wangu." Mke wangu kacheka: huyo fundi au mkunga? Je, fundi kakosea?

JIBU: Marahaba. Mkeo ana sikio zuri. Mkunga humzalisha mama, kiwanda huzalisha saruji, na kote huko kinapatikana kitu ambacho hakikuwepo. Hitilafu yako ilikwishazaliwa dukani, fundi alitaka tu kuiona kwa macho yake. Angekuandikia "nimeizalisha", ungekuwa na haki ya kumuuliza: kumbe ni wewe uliyeniharibia?

Wapo wanaopendekeza "kutokeza". Hapa silipendi: jino hutokeza, mwamba hutokeza maji yakipwa, kitu chenyewe ndicho kinachochomoza. "Kurudia hitilafu" nako kunamfanya fundi aonekane mtoto asiyesikia, aliyekatazwa kosa akalifanya tena.

Jambo hili mafundi pikipiki walilimaliza zamani. Bodaboda anafika gereji, analalamika kuna mlio kila akiingiza gia ya tatu. Fundi anapanda, anazunguka mtaa mzima, anarudi: "Mbona kwangu hailii?" Kesho kutwa simu inapigwa: "Fundi, ule mlio umejirudia." Basi, neno ndilo hilo. Katika maneno yao anayetenda ni mlio, fundi anasubiri tu ujitokeze. Kwa hiyo fundi wako angesema: "Nimejaribu, lakini kwenye mfumo wangu hitilafu hiyo haijirudii." Akilazimika kumtaja mtendaji, aseme "nimeshindwa kuifanya ijirudie". Ni ndefu kidogo, ila hakuna atakayeuliza habari za mkunga.

Neno "hitilafu" amelichagua vizuri, labda bila kujua. Asili yake ya Kiarabu ni kutofautiana, na bado tunasema watu wamehitilafiana. Faili moja kusomeka hivi kwenye mashine hii na vile kwenye ile, hiyo ni hitilafu kwa maana yake ya kale kabisa. Wanaosema "mdudu", kwa kufuata "bug" ya Kiingereza, siwagombezi, lakini kwa wakulima wa korosho mdudu ana dawa yake ya kupulizia.

Sasa niingie kidogo kwenye kazi ya fundi, maana kiini cha mkasa huu ni alama yetu wenyewe, ritifaa. Zipo mbili. Iliyonyooka (') imo katika zile alama 128 za mwanzo ambazo karibu kila mfumo huzisoma sawasawa. Iliyopinda (’) ndiyo ambayo programu nyingi za kuandikia hukubadilishia kimyakimya, zikidhani zinakupambia maandishi. Faili likihifadhiwa kwa UTF-8, utaratibu wa sasa wa kugeuza herufi kuwa namba za kompyuta (yaani usimbaji), ritifaa iliyopinda huchukua baiti tatu, yaani namba tatu. Programu inayosoma kwa Windows-1252, jedwali la zamani la herufi za Windows, huiona kila baiti kuwa herufi yake: ya kwanza â, ya pili €, ya tatu ™. Jina la Ng’apa likaingiliwa na wageni watatu.

Linux kwa kawaida husoma UTF-8, ndiyo maana fundi alipofungua faili lako hakuiona hitilafu. Na kama alijaribu kwa kuandika jina upya mwenyewe, huenda alipiga ritifaa iliyonyooka, isiyo na ugomvi na karibu mashine yoyote. Mwambie alifungue faili lako lenyewe, na wakati wa kulifungua achague usimbaji wa Windows-1252. Itajirudia huko huko Mtwara.

Kuna wachapaji wanaoukwepa usumbufu huu kwa kuifuta ritifaa. Hapo nakataa. Mingoyo haina ritifaa na Ng'apa inayo, na mtu wa Lindi akiyatamka majina hayo unasikia kwa nini. "Ng'oa" ni kitendo cha shambani, "ngoa" ni wivu. Muhtasari ukisema wanachama wamekubaliana juu ya "kungoa" mikorosho mizee, sijui mwenyekiti atausomaje mbele ya mkutano.

Wewe, unapofungua faili dukani, chagua UTF-8. Programu ya zamani ikiwa haina nafasi ya kuchagua, zima ule ubadilishaji wa alama kwenye laptopu, uandike ritifaa iliyonyooka. Jibu la fundi usimrudishie likiwa limesahihishwa kwa wino mwekundu. Bado unamhitaji.