Kupata programu ya kutunza maktaba ya muziki baada ya kuhamia Linux

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi ambao kompyuta zao hazikidhi masharti ya Windows 11 wamekuwa wakihamia Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, na kila mwenye mkusanyiko mkubwa wa nyimbo hukutana na swali lile lile: ni programu gani itakayoitunza maktaba yake? Kwa uandishi, intaneti na video, mbadala hupatikana siku ya kwanza. Kwenye muziki kazi huwa ngumu zaidi, kwa kuwa mtu aliyezoea MusicBee, foobar2000 au iTunes hatosheki na programu inayotoa sauti tu. Anataka programu inayoijua maktaba nzima: inayopanga nyimbo kwa msanii, albamu, mwaka na mtunzi, inayokumbuka nyota alizozipa nyimbo kama alama za ubora na idadi ya mara alizozicheza, inayotengeneza orodha zinazojijaza zenyewe kwa masharti aliyoyaweka, inayorekebisha taarifa za nyimbo mia moja kwa mpigo, na isiyolemewa hata faili zikifika makumi ya maelfu.

Programu za namna hiyo zipo Linux, na nitazitaja. Hata hivyo, ushauri wangu wa kwanza unahusu kazi inayotakiwa kufanyika kabla hujaondoka Windows. Hakikisha kwamba kila unachokijua kuhusu nyimbo zako kimeandikwa ndani ya faili zenyewe. Faili ya MP3 au FLAC ina nafasi yake ya kubeba jina la wimbo, msanii, albamu, mwaka, picha ya jalada na mengine mengi, nasi tumezoea kuziita taarifa hizo tagi. Programu yoyote nzuri ya Linux itazisoma. Taarifa zilizomo katika hifadhidata ya programu ya zamani peke yake hazitavuka nawe.

Nyota ndizo zinazopotea kwa urahisi zaidi. iTunes huziandika katika maktaba yake yenyewe, hivyo faili hunakiliwa zikiwa salama lakini miaka yote ya kuchagua nyimbo bora ikaachwa nyuma. MusicBee, kwa upande wake, inaweza kuziandika ndani ya tagi, na inafaa kuhakikisha kwamba inafanya hivyo. Katika MP3 nyota huhifadhiwa kama namba kati ya 0 na 255, na programu hazikubaliani kikamilifu namba ipi iwe nyota ngapi. Utaratibu uliozoeleka Windows huipa nyota tano namba 255, nne 196 na tatu 128. Kwa hiyo hamisha kwanza nyimbo chache zenye viwango tofauti, zifungue katika programu mpya, uone kama nyota zimesomwa sawasawa, ndipo uhamishe zilizobaki.

Orodha za nyimbo nazo zina matatizo yake. Zihifadhi katika muundo wa M3U8, unaotumia herufi za UTF-8, ili majina yenye herufi za Kifaransa au Kiarabu yasiharibike. Ukifungua orodha hizo katika programu ya kuandikia matini utaona njia kama D:\Muziki\Taarab. Linux haina herufi za diski wala haitumii mkwaju wa kinyumenyume (\) katika njia zake, kwa hiyo njia hizo lazima zibadilishwe, kazi ambayo kwa amri ya kutafuta na kubadilisha huisha kwa dakika chache. Jambo linalosumbua zaidi ni herufi kubwa na ndogo. Kwa Windows, folda ya «taarab» na ya «Taarab» ni moja, lakini kwa Linux ni folda mbili tofauti, na orodha iliyoandika jina vibaya itakuambia kwamba wimbo haupo wakati unauona kwa macho yako.

Ikiwa muziki wako uko kwenye diski ya NTFS, muundo wa diski wa Windows, na bado unatumia Windows katika kompyuta hiyo hiyo, zima kipengele cha Windows cha kuwaka haraka. Kipengele hicho huiacha diski katika hali ya usingizi badala ya kuifunga kabisa, na Linux huweza kukataa kuiandikia. Utaweza kusikiliza nyimbo lakini kila marekebisho ya tagi yatagoma. Ipange diski ifunguke mahali pale pale kila unapowasha kompyuta, kwa sababu programu ya maktaba hukumbuka nyimbo kwa njia zake, na njia ikibadilika huona kama mkusanyiko wote umefutwa. Kama umesakinisha programu kwa Flatpak, njia ya kusakinisha programu za Linux zikiwa zimetengwa na mfumo mwingine, fahamu pia kwamba huenda haina ruhusa ya kuiona diski ya nje, na programu ndogo iitwayo Flatseal ndiyo ya kuipa ruhusa hiyo. Wapo wanaoamini bado kwamba Linux haiwezi kucheza MP3, imani iliyotokana na hataza. Hataza hizo zilikwisha mwaka 2017, na leo jambo hilo halipaswi kumzuia mtu yeyote.

Sasa programu zenyewe. Rhythmbox ndiyo watu wengi hukutana nayo kwanza, kwa kuwa imeambatana na Ubuntu, mojawapo ya matoleo maarufu ya Linux, kwa miaka mingi. Ni imara, inacheza redio za mtandaoni na ina orodha za kujijaza, lakini kwa mwenye kutaka kutawala tagi zake kwa undani huonyesha kikomo mapema. Elisa, ya mradi wa programu za Linux uitwao KDE, ni nzuri kwa macho na nyepesi kuitumia, ila inamfaa zaidi mtu anayesikiliza kuliko anayepanga. Amarok, iliyokuwa mashuhuri enzi zake, ilirudi na toleo la 3.0 mwaka 2024 baada ya kimya kirefu, na mimi binafsi nilifurahi kuiona.

Chaguo langu, na ninaloshauri kwa wengi, ni Strawberry. Asili yake ni hiyo hiyo Amarok: toleo la 1.4 lilipopendwa kuliko yaliyofuata, baadhi ya watengenezaji walilijenga upya kwa jina la Clementine mwaka 2010, na mwaka 2018 Strawberry ikachipuka kutoka Clementine kwa ajili ya wenye mikusanyiko mikubwa na masikio yanayojali ubora wa sauti. Utaipata katika hazina ya kawaida ya programu za Ubuntu na za Debian, toleo jingine la Linux. Ina orodha za kujijaza, inatafuta majalada na mashairi ya nyimbo, inahariri tagi za nyimbo nyingi kwa pamoja, na inaweza kupanga upya folda zako kwa kufuata tagi hizo. Katika kisanduku cha kutafutia unaweza kutaja jina la uga, yaani sehemu ya tagi kama mwaka au msanii, na kipimo, kwa mfano kutaka nyimbo za kabla ya mwaka 1980 peke yake. Mara tu ukiisakinisha, ingia kwenye mipangilio ya mkusanyiko uiagize iandike nyota ndani ya faili, ili uhamaji wako ujao, ukitokea, usikurudishe mwanzo.

Kuna kundi moja la wasikilizaji ambalo ningelielekeza kwingine, nalo ni wapenzi wa taarab na muziki wa dansi. Muziki huu haukai vizuri katika mpango wa msanii, albamu na wimbo. Kikundi ni kimoja, mwimbaji anabadilika wimbo hadi wimbo, mtunzi wa mashairi ni mtu mwingine, na aliyetia muziki ni mwingine tena. Quod Libet inakuruhusu kubuni tagi yoyote unayoitaka na kisha kuifanya safu ya kuvinjaria, hivyo unaweza kufungua maktaba kwa jina la mwimbaji, ukaona vikundi vyote alivyopitia, au kwa jina la mtunzi, ukaona waliomwimbia. Sura yake haivutii na siku za kwanza huchosha, lakini sijaona programu nyingine, hata Windows, inayouheshimu muziki wetu kiasi hicho.

Programu yoyote utakayoichagua itategemea usahihi wa majina, na hapa ndipo ningependa uwekeze muda wako mwingi. Kikundi cha Franco kilianza mwaka 1956 kama OK Jazz na baadaye kikawa TPOK Jazz. Katika faili zinazozunguka mitaani utakikuta kwa nukta, bila nukta, kwa jina la Franco likitangulia au likifuatia, na kila namna huhesabiwa kuwa msanii mpya. DDC Mlimani Park huandikwa pia Sikinde. Kikundi kikongwe cha Zanzibar huandikwa Ikhwani Safaa kwa mmoja na Akhwani Safaa kwa mwingine. Amua namna moja kwa kila jina, uiandike katika uga wa msanii wa albamu, na uache uga wa msanii ubebe jina kama lilivyo kwenye santuri au kanda husika. Kwa albamu za mchanganyiko, andika «Wasanii Mbalimbali» katika uga wa msanii wa albamu kwa nyimbo zote. Bila hivyo albamu moja itapasuka kuwa vipande ishirini. Kid3 na puddletag ndizo programu zinazofaa kwa kazi hii, na puddletag itakuwa rahisi kwa aliyezoea Mp3tag, programu ya kuhariri tagi ya Windows.

MusicBrainz Picard inaweza kuutambua wimbo kwa kuisikiliza sauti yake na kukujazia tagi zote. Kwa muziki wa Ulaya na Marekani hufanya kazi nzuri sana. Kwa santuri za Nairobi na Dar es Salaam nimeikuta mara nyingi haina jibu, na wakati mwingine huupa wimbo jina la mkusanyiko uliotolewa Ulaya miongo kadhaa baadaye, na mwaka wa mkusanyiko huo. Usiiruhusu ihifadhi kabla hujasoma inachopendekeza. Hifadhidata yake iko wazi kwa kila mtu kuongeza, kwa hiyo kama unayo santuri au kanda halisi mkononi, fungua akaunti, uandike namba yake, kampuni iliyoitoa, waimbaji na watunzi kama walivyochapishwa kwenye jalada, na upakie picha ya pande zote mbili katika hazina ya majalada iliyounganishwa nayo.