Kwa Mwalimu Uliyepangiwa Darasa la Awali

Mwalimu mwenzangu, huenda wenzako wa madarasa ya juu wamekwishakutania kwamba umepewa kazi ya kulea. Waache wacheke. Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilipofanya elimu ya awali kuwa ya lazima nchini Tanzania, na ada kuondolewa katika shule za umma kuanzia mwaka 2016, watoto wa miaka 5 wamefurika shuleni, na ule uwiano wa mwalimu mmoja kwa watoto 25 umebaki kwenye maandishi katika shule nyingi. Ninamwandikia mwalimu mwenye watoto 60 au 80, mikeka miwili na ubao, na neno langu kwake ni moja: punguza maneno yako, mikono ya watoto ipate kazi.

Mtoto wa umri huu hawezi kukusikiliza nusu saa, na ukali hautambadilisha. Tendo moja la ujifunzaji lisizidi dakika 20, na katika dakika hizo wewe uzungumze zile chache za mwanzo tu, watoto wote wakiwa wameketi mkekani. Baada ya hapo wagawe katika makundi. Kundi moja libaki nawe, kwa sababu hapo ndipo unapofundisha kwa hakika, na mengine yaende kwenye kona za ujifunzaji, yaani sehemu za darasa zilizotengewa vifaa vya kuchezea na kujifunzia, au nje chini ya mti. Kona haihitaji fedha: kona ya duka huanzishwa kwa makopo matupu, pakiti za majani ya chai na mizani ya vifuu viwili na kamba, kona ya nyumbani hutosheka na sufuria kuukuu, kipande cha kanga na mwanasesere wa matambara. Usifungue kona zote siku moja. Anza na mbili, na uzitumie wiki za kwanza za Januari kuwafundisha watoto namna ya kuingia, kuchezea vifaa na kuvirudisha mahali pake, hata kama mwalimu wa taaluma atakuuliza mbona bado hujaanza kufundisha. Umeshaanza.

Vurugu nyingi hutokea watoto wanapotoka kwenye kazi moja kwenda nyingine, kwa mfano wanapoinuka mkekani kwenda kunywa uji. Darasa zima likiambiwa liinuke kwa pamoja, utaona kusukumana, vilio na kikombe kilichomwagika. Waite kwa mafungu, na wito wenyewe uwe somo: "Wenye majina yanayoanza na sauti mmm wakanawe mikono." Mariamu na Musa watainuka, Neema atasita kidogo, wenzake watamwambia abaki, na hapo watoto watakuwa wamefanya zoezi la kutambua sauti za lugha bila kujua kwamba wamefanya zoezi. Kuwanyamazisha, piga makofi kwa mdundo maalumu nao waujibu. Sauti ya mwalimu inayopanda kila siku huzoeleka, na mwisho haimshtui mtu. Fimbo haina kazi katika darasa hili.

Katika hesabu, usidanganywe na mtoto anayetaja moja mpaka ishirini bila kukwama, maana huenda anaimba tu. Mpangie vizibo 7 vya chupa za maji, umwombe avihesabu, kisha utazame kidole chake. Mara nyingi mdomo hukimbia kuliko kidole, kizibo kimoja kikapata namba mbili na kingine kikarukwa. Mwambie akihamishe kila kizibo kutoka upande mmoja kwenda mwingine anapotaja namba yake, na kosa hilo litapungua bila maelezo marefu. Akimaliza, muulize vipo vingapi. Akianza kuhesabu upya, fahamu kwamba bado hajaelewa kuwa namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo idadi ya vyote, na hakuna haja ya kumpeleka kwenye kujumlisha. Nimetaja vizibo vya plastiki kwa makusudi, kwa kuwa vile vya bati vina ncha zinazokata, na punje za maharage au mahindi huishia puani na masikioni.

Katika kusoma, lugha yetu imeturahisishia kazi, kwa kuwa irabu ni tano tu na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Zianze hizo, kisha ingiza konsonanti chache kwa sauti zake, ili mtoto aunganishe mmm na a apate ma, mapema aweze kusoma mama na kuona faida ya kazi yake. Herufi b na d zitenganishe kwa wiki kadhaa, la sivyo utazisahihisha mpaka darasa la pili. Kuandika kusiharakishwe: vidole visivyoweza kufinyanga udongo, kuchana karatasi au kuchora duara mchangani haviwezi kuidhibiti penseli, na mtoto anayelazimishwa huishika kwa ngumi, mazoea ambayo huwa magumu kuyaondoa baadaye.

Vijijini utapokea watoto ambao hawajazoea Kiswahili. Mtoto akikujibu kwa Kisukuma au Kihehe na jibu likawa sahihi, lipokee, ulirudie kwa Kiswahili, naye alitamke baada yako. Mketishe karibu na mwenzake anayezijua lugha zote mbili. Wanaochanganya r na l wasichekwe. Mtoto aliyechekwa mara moja hunyamaza muhula mzima, na aliyenyamaza huna namna ya kumpima.

Wazazi watakusumbua kuhusu daftari. Wengi hupima shule kwa kurasa zilizojaa, na mtoto aliyeshinda akipanga vizibo na kuuza duka hurudi nyumbani mikono mitupu. Waite mapema, uwaketishe mkekani kama watoto wao, wafanye lile zoezi la vizibo wenyewe. Hilo hueleza zaidi ya hotuba ya kikao.

Kuhusu tathmini, mtihani wa karatasi hautakuambia mengi kwa umri huu. Kila siku chagua watoto watano wa kuwatazama kwa karibu, bila kuwaambia, na uandike mstari mmoja kwa kila jina: anahesabu mpaka 5 kwa kugusa, hashiriki kwenye kona, anageuza sikio anapoitwa. Huyo wa mwisho zungumza na mzazi wake wiki hiyohiyo, apelekwe kituo cha afya kupimwa masikio, kwa maana baadhi ya watoto wanaoitwa wazito au wakaidi ni watoto wasiosikia vizuri.